Injini Chini ya Chandarua

Laurenti aliondoka siku ya Jumanne asubuhi. Pikapu yake aliiacha bandani, boneti juu, kichwa cha injini kimeshushwa, na pistoni zote nne zimelazwa juu ya turubai kama nyama ya mbuzi inayongoja kugawanywa. Alisema anakwenda Singida mjini kununua ringi mpya na gasketi, jioni atarudi. Akamwambia mkewe Klara apike mlenda.

Klara akapika mlenda. Ukalala, ukachacha, akawamwagia kuku. Wiki ya tatu, mtu mmoja wa pale pale kijijini kwao Issuna aliyetoka Itigi alisema amemwona Laurenti karibu na stesheni, amebeba ndoo mbili za asali nyuma ya mwanamke mmoja, na hakuwa na haraka.

Ndivyo ilivyokwisha ndoa ya miaka ishirini na sita, iliyofungwa kanisani watu wakishuhudia. Hapakuwa na ugomvi, wala kofi. Lile la kutokuwa na haraka ndilo lililomkaa Klara rohoni kama mfupa wa samaki kooni. Nyumbani kwake mtu yule kila siku alikuwa na haraka.

Klara alikuwa na miaka arobaini na minane, na maisha yake yote ungeweza kuyasimulia kwa vitu alivyoshika ili wengine wafanye kazi. Utotoni alishika kamba za mbuzi, kaka zake wakaenda shule. Alipoolewa na Laurenti, aliyekuwa dereva na fundi wa kujifunza mwenyewe, akashika tochi, akashika spana. Namba hakujua kusoma, kwa hiyo Laurenti alimfundisha kwa sura: moja ni fimbo, mbili ni nyoka, nne ni kiti kilichopinduliwa, saba ni jembe. "Nipe fimbo na kiti," alikuwa akisema kutoka chini ya gari, na Klara anampa spana ya kumi na nne bila kukosea. "Nipe fimbo na jembe." Anampa ya kumi na saba. Mafundi wengine waliokuja kumsalimu walidhani ni lugha ya wapenzi. Labda wakati fulani ilikuwa hivyo.

Na kazi ilipofika mwisho, Klara ndiye aliyepanda kukaa kwenye usukani. "Washa!" Anawasha. "Zima!" Anazima. Laurenti alikuwa kule mbele, nyuma ya boneti, na injini. Yeye alikuwa huku na ufunguo, anatazama bati jeupe la boneti. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi hata siku moja kuiona injini ikishika moto. Aliisikia tu.

Mwezi wa pili wanaume wa ukoo wakakaa kikao uani kwa Mathayo, mdogo wake Laurenti. Klara aliitwa mwishoni, kama mtu anayeitwa kuja kuosha vyombo baada ya watu kula. Akaambiwa kwamba ng'ombe kumi na mmoja ni wa ukoo. Shamba la bondeni ni la ukoo. Nyumba ya bati imejengwa kwenye ardhi ya marehemu baba yao, kwa hiyo nayo ina wenyewe. Yeye akae mpaka alizeti ivunwe, kisha aende kwa binti yake Jesca kule Manyoni, au kwa kaka zake.

"Na gari?" akauliza Klara.

Wakacheka. Mathayo alicheka kuliko wote.

"Gari gani, shemeji? Zile sufuria zilizoanikwa kwenye turubai?" Akawageukia wazee ili wacheke naye. "Chukua. Tena nakuongezea. Likifika gulioni kwa miguu yake kabla alizeti haijaingia ndani, gari ni lako, na banda, na ile tembe ya zamani na kiwanja chake. Gari haliwezi kulala njiani. Lisipofika, naita watu wa chuma chakavu."

Klara hakucheka. Alimtazama mzee Yohana, mkubwa wa kikao, aliyekuwa akikuna goti.

"Nimesikia," akasema. "Na nyie mmesikia."

Mzee Yohana aliacha kukuna goti. Kwao neno likishasemwa kikaoni mbele ya wazee tisa halirudi mdomoni, hata kama lilitoka kwa mzaha. "Tumesikia," akasema, na kikao kikafungwa.

Hivyo ndivyo maisha ya Klara yalivyokuja kuning'inia kwenye injini. Ikiwaka, ana mahali pa kuweka kichwa, na ana gari la kusombea alizeti za watu kupeleka kwenye mashine ya kukamulia. Isipowaka, ni kwenda kulea wajukuu jikoni kwa mkwe, akiinuka kila mwenye nyumba anapoingia.

Akaenda Singida mjini na pistoni moja, ameifunga ndani ya kanga kama mtoto. Kijana wa duka la vipuri aliifungua, akaigeuza.

"Shikamoo mama. Fundi wako yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko nyumbani."

"Angekuja mwenyewe. Haya mambo yana vipimo."

"Hawezi kuja. Anapika."

Kijana alicheka, akapima. Ringi zilikuwepo, akampa. Gasketi ya kichwa cha injini haikuwepo. Angeagiza, angempigia simu. Klara akarudi na ringi zake zimefungwa ndani ya kanga ileile.

Kazi nyingi za injini zilitungwa kwa ajili ya watu wawili. Klara aliligundua hilo siku ya kwanza. Pistoni inaingizwa silinda kutoka juu, mmoja amebana ringi zisichanue, mwingine anagonga taratibu kwa mpini wa nyundo, halafu mmoja lazima awe chini ya gari kupokea mkono wa pistoni usikwaruze kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Yeye alikata bati la kopo la mafuta, akalizungusha kwenye ringi, akalikaza kwa waya. Akagonga mara mbili, akashuka, akatambaa chini ya gari kutazama, akatoka, akagonga mara mbili, akashuka tena. Pistoni moja ilimchukua asubuhi nzima. Goti lilimuuma kwa upande mmoja kama la mtu aliyekwenda kuhiji.

Upepo wa Singida nao haungojei mtu. Unavuma toka mawe yalipo mpaka mlangoni kwako, umebeba mchanga, na chembe moja ya mchanga ndani ya silinda inatosha kuchora ukuta wake. Klara akatoa chandarua cha kitandani, akakitundika kwenye mbao za banda, kikaifunika injini mpaka chini. Kitanda kilikuwa kikubwa kwa mtu mmoja hata hivyo, na mbu hawakumsumbua kuliko mawazo.

Jirani yake Kristina akapita kuomba chumvi, akasimama.

"Mama Jesca! Umemtandikia chandarua?"

"Vumbi."

"Sawa, vumbi. Unamfunika na blanketi pia?" Kristina akacheka mpaka akashika nguzo. "Haya, angalau huyu hawezi kwenda Itigi."

Kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Klara analala na injini.

Alipokaza vifuniko vya mikono ya pistoni, kranki ikagoma kuzunguka. Alitia bomba refu kwenye spana, akaning'inia, wapi. Siku mbili alikaa chini ya gari akitazama juu kama mtu anayetafuta kosa kwenye dari. Vifuniko alivitia alama mwenyewe siku Laurenti alipoviacha: vipande vya kanga vyenye fundo moja, mafundo mawili, matatu, manne, ili kila kimoja kirudi kwa mwenzake. Na kweli kila kimoja kilikuwa kwa mwenzake. Siku ya tatu, alipokuwa akivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia gizani mwa ile tembe ya zamani alikohamia, akaelewa. Fundo lilisema kifuniko ni cha nani, halikusema uso wake unatazama wapi. Akavikagua vyote, akakifungua cha tatu kilichotazama kinyume, akakigeuza, akakaza. Kranki ikazunguka.

Alitamani kumwambia mtu. Kuku walikuwepo.

Jambo moja Laurenti alilolisema maelfu ya mara ni hili: usifunge chuma kikavu. Kila kinachosuguana kipakwe mafuta kabla hakijafungwa. Oili ya injini Klara aliinunua dumu moja tu, nayo aliitunza ya kujazia mwisho. Lakini mafuta aliyokuwa nayo tele ni yale ya alizeti, ya shamba lake mwenyewe, yaliyokamuliwa mwaka uliopita, mazito, yenye rangi ya asali. Mafuta ni mafuta. Akapaka pistoni, akapaka ringi, akapaka kuta za silinda mpaka zikang'aa, akapaka kranki na beringi. Hakubania. Kisha akashusha chandarua, akangoja gasketi.

Alingoja wiki kumi na moja. Jua lilikuwa kali, bati la banda likawaka kama kikaango. Alipalilia alizeti za ukoo ambazo hazikuwa zake tena. Jioni alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa tembe, akala ugali wa uwele peke yake, akitazama kile kitu cheupe kilichosimama bandani. Jesca alipiga simu Jumapili. "Mama, achana na hilo gari, njoo." Na Klara kila mara alijibu kwamba atakuja, akimaliza. Baadaye Jesca akawa anapiga Jumapili moja moja.

Gasketi ilikuja mwishoni mwa mwezi wa tano, vichwa vya alizeti vikiwa vimeshainama na kuanza kukauka. Klara akafunga kichwa cha injini, akafunga mkanda wa taimingi kwa kulinganisha alama alizozipaka rangi nyekundu ya kucha aliyoiacha Jesca, akajaza oili, akajaza maji. Kranki sasa ilikuwa nzito kuzungusha kwa mkono, nzito kuliko zamani, lakini akajiambia ni upya wa ringi. Mbeba maji mmoja akamkodisha betri ya guta lake, mkokoteni wa umeme wa magurudumu matatu. Klara akapanda, akakaa kwenye usukani mahali pake pa siku zote, akawasha.

Injini ilizunguka. Ilizunguka, ikazunguka, ikatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, na haikushika.

Alitoa hewa kwenye bomba la dizeli, akipampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha. Akarudi kuwasha. Moshi mweupe. Akajaribu plagi za kupasha moto, moja moja kwenye betri. Zote nne ziliiva nyekundu. Akarudi kuwasha. Akatazama tena alama za rangi ya kucha. Ziko uso kwa uso. Akafungua kifuniko cha oili juu ya injini, akawasha, akashuka mbio kuzunguka gari, lakini alipofika mbele injini ilikuwa imeshasimama. Alifanya hivyo mara tano. Mara ya tano akakaa chini akilowa jasho, akilia. Hakulilia injini. Alililia ule mzunguko wa kutoka ufunguo mpaka boneti, hatua saba, ambao ulihitaji tu mtu mmoja wa kusema, "Washa."

Mathayo alipita akasimama barabarani, mikono nyuma.

"Shemeji, naona inakohoa."

"Itapona."

"Nimeongea na watu wa chuma. Alhamisi ya wiki ijayo wana lori huku. Alizeti nayo tunaanza kukata Jumatatu." Akaangalia chandarua. "Usichoke sana."

Kesho yake simu ililia. Klara, asiyesoma namba, alipokea kila simu.

"Mama Jesca."

Klara aliitambua sauti ya Laurenti.

"Mama Jesca, ni mimi."

"Najua ni wewe. Kwani walionitupa wako wangapi?"

"Mathayo ananiambia umefunga injini."

"Mathayo ana mdomo."

"Na haiwaki."

"Nalo amekwambia."

Laurenti akauliza kwa ile sauti yake ya chini ya gari, "Inazunguka?"

"Inazunguka."

"Moshi?"

"Mweupe. Dizeli mbichi."

"Hewa umetoa?"

"Mara tatu."

"Taimingi?"

"Alama ziko uso kwa uso. Usiniulize kama mtoto."

"Sawa, sawa. Fungua mdomo wa oili. Weka simu hapo. Washa nisikie."

Angeweza kukata. Badala yake alichana upindo wa kanga, akaifunga simu kando ya mdomo wa oili, akaenda kwenye usukani, akawasha, akahesabu kumi, akazima, akarudi. Kristina, aliyekuwa anachambua mboga ng'ambo ya ua, alikuwa amesimamisha mikono.

"Umesikia?" Klara akauliza.

"Nimesikia. Inapumulia tumboni. Ule upepo ulitakiwa ubanwe juu, unapita pembeni ya pistoni unashuka chini, unatokea hapo kwenye oili. Weka kiganja utausikia. Ringi zimelala, Mama Jesca."

"Zimelalaje? Ni mpya."

"Umezivunja wakati wa kuingiza. Ile kazi haifanywi na mtu mmoja."

"Huyo wa pili alikuwa wapi?"

Kwa mbali, upande wa Laurenti, treni ikapiga honi, na sauti ya mwanamke ikaita chakula. Laurenti akashusha sauti. "Sikiliza. Sema tu, nije. Nitaifungua, nitaitengeneza, nitaondoka nayo kuja huku. Wewe utakuwa umeepuka aibu ya lori la chuma."

Klara alitazama spana zilizopangwa kwenye turubai, fimbo na kiti, fimbo na jembe.

"Usije," akasema.

"Haya. Lile koti langu la mvua lipo?"

"Lipo. Kuku anaatamia humo."

Akakata. Kisha akakaa kwenye ukingo wa banda mpaka kivuli cha boneti kikavuka miguu yake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kwa muda ule mfupi walikuwa tena wawili juu ya injini moja, naye alikuwa ameufurahia.

Akafungua. Gasketi haikuwa imepata moto bado. Aliibandua kama mtu anayegeuza chapati laini, isichanike. Alitoa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akafungua vifuniko vyenye mafundo, akasukuma pistoni juu moja moja. Zilitoka kwa shida, kama kizibo kilichokwama. Alizikagua ringi. Hakuna hata moja iliyovunjika, wala iliyopinduka. Lakini ringi inatakiwa icheze ndani ya mfereji wake, ijifinye na kujitanua ikibana ukuta. Hizi zilikuwa zimegandama, hazisogei, kana kwamba zimechomelewa.

Alipitisha kidole. Utando wa rangi ya kahawia ukanata kwenye ngozi. Akaunusa.

Basi akajua. Utando ule alikuwa akipigana nao tangu msichana. Ulikuwa kwenye shingo la dumu la mafuta jikoni, kwenye kingo za kikaango, kwenye ubao alikokuwa akiweka chupa. Mafuta ya alizeti ukiyaacha membamba mahali penye joto hugeuka gundi, na gundi hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa kisirani. Alikuwa amezigandisha ringi zake kwa mikono yake, kwa mafuta ya shamba lake, kwa upendo wote. Na Laurenti asingeujua ule utando hata angeulamba.

Dawa yake kila mwanamke wa Issuna anaijua: maji ya moto na magadi. Klara alichemsha sufuria, akatia magadi, na mkono ulipokuwa unaelekeza pistoni ya kwanza kwenye maji, akausimamisha. Akaitazama sufuria. Ilikuwa nyeusi ndani, imetobokatoboka kama uso wa mgonjwa wa ndui, kwa sababu kila mara alipoweka magadi kwenye mlenda yaliila. Pistoni ilikuwa nyepesi, nyeupe. Mathayo mwenyewe aliziita sufuria. Zilikuwa za jamii ileile, na magadi yangezila vilevile.

Akazirudisha pistoni kwenye turubai. Akazipasha kwa maji ya moto matupu na kuzitoa ringi polepole kwa kucha. Ringi ni chuma. Hizo zikaenda kwenye magadi, zikatoka zinang'aa. Kuta za silinda, nazo chuma, akazisugua kwa kitambaa cha magadi, akasuuza, akakausha haraka kabla kutu haijaamka, akapaka oili ya kweli. Pistoni akazilowesha kwenye mafuta ya taa tangu Jumamosi mpaka Jumatatu, akaikwangua mifereji yake kwa ganda la bua la mtama, ambalo ni kali vya kutosha kutoa gundi na si gumu kiasi cha kuchubua. Matundu membamba ya oili kwenye kranki akayapitisha unyoya wa kuku uliolowa mafuta ya taa, ndani nje, ndani nje, mpaka unyoya ukatoka safi.

Jumatatu watu wa Mathayo walianza kukata alizeti. Alisikia mapanga yao tangu asubuhi. Jumatano mchana alikuwa amekaza nati ya mwisho.

Alikwenda kwenye usukani, akaweka gia huru, akafungua ufunguo nusu, akaziacha plagi zipashe. Kisha hakuwasha. Alishuka. Aliweka mawe kwenye magurudumu, akachukua bisibisi ndefu, akazunguka mbele ya gari, upande ambao hakuwahi kusimama. Laurenti alikuwa akisema kugusisha nguzo mbili za stata, mota ya kuwashia injini, kwa bisibisi ni kazi ya wahuni, kwamba ataungua. Klara aligusisha. Cheche ziliruka zikamchoma kifundo cha mkono, stata ikalia, injini ikazunguka mara moja, mara mbili, ikatikisika yote kama ng'ombe anayetoka majini, na ikashika.

Alikuwa hajui kwamba inatikisika hivyo. Alikuwa hajui kwamba mkanda unapotea machoni ukawa kivuli, wala kwamba moshi wa kwanza ni mweusi na unapita juu ya kichwa chako. Aliweka kiganja kwenye mdomo wa oili. Pumzi ilikuwepo, ndogo, ya mtoto aliyelala. Alisimama hapo kiganja kikipata joto, akangoja, na baada ya muda akatambua kwamba anangoja mtu apige kelele, "Zima."

Alhamisi ilikuwa siku ya gulio. Lori la chuma lilikuwa limeegeshwa karibu na wauza vitunguu, Mathayo amesimama nalo akionyesha kwa kidole upande wa nyumbani kwao. Pikapu nyeupe ikaingia kutoka upande huohuo, polepole, na Klara kwenye usukani, kilemba kimejaa masizi. Akasimamisha mbele ya mzee Yohana aliyekuwa akichagua jembe.

"Shikamoo baba. Gari limefika."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Yohana akaliangalia kuanzia taa hadi magurudumu. "Kweli limefika."

Mathayo alikuja na uso wa mtu aliyekanyaga shimo. Aliinama akasikiliza injini. Alijua kusikiliza, walikua pamoja na Laurenti.

"Amekuja lini?" akauliza.

"Nani?"

"Kaka. Amekuja lini kukutengenezea?"

"Hajaja mtu."

"Shemeji, mimi si mtoto."

"Jamani, hata kama hakuja," Kristina akadakia, na kapu lake kichwani, "si alimwelekeza kwa simu? Nimesikia kwa masikio yangu. Anamwambia moshi mweupe, anamwambia weka simu hapa. Alimfundisha yote."

Watu wakaitikia, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Jambo lilikuwa limepata maelezo. Mmoja akasema Laurenti ni Laurenti tu, anaponya injini akiwa Itigi. Mwingine akasema ndiyo maana, mwanaume hata akiondoka anakumbuka nyumbani kwake.

"Laurenti hajawahi kuosha chombo," akasema Klara.

Wakacheka, wakadhani ni uchungu wa mwanamke aliyeachwa. Alifungua mdomo awaeleze juu ya utando, magadi, bua la mtama na unyoya. Akawatazama, akaufunga.

Mzee Yohana alipiga jembe chini mara moja. "Neno lilikuwa gari lifike kwa miguu yake kabla alizeti haijaingia ndani. Alizeti iko shamba. Gari liko hapa. Nani amelitengeneza halikuwemo kwenye neno. Mathayo, gari lake, banda lake, tembe yake. Waambie hao watu wa chuma waende."

Mathayo akaenda kuwaambia.

Kabla ya saa saba Klara alikuwa amepata abiria: magunia matano ya alizeti ya mama mmoja, mbuzi wawili, na wanawake sita, wote walipanda nyuma. Kiti cha pembeni yake kilibaki wazi. Huenda waliona masizi, huenda waliona ni kiti cha mtu. Kristina naye alipanda nyuma, na njia nzima Klara aliwasikia kupitia kioo kilichovunjika wakimsifu fundi.

Alipowashusha wote akarudi peke yake. Aliingiza gari bandani chini ya chandarua, ambacho upepo ulikuwa umekizungusha kwenye nguzo. Akaiacha injini ikiunguruma, akashuka, akazunguka mbele, akafungua mdomo wa oili na kuweka kiganja. Bado pumzi ndogo. Ringi zilikuwa zimeamka, zinafanya kazi yao. Kuku alikuwa ametoka kwenye koti la mvua na vifaranga saba, anawafundisha kuparua karibu na gurudumu.

Klara akarudi kwenye usukani. Akashika ufunguo, akasubiri kidogo, kwa mazoea.

"Zima," akasema.

Akazima.